Kibodi Inapogoma Ofisini: Namna ya Kuchunguza Kompyuta ya Zamani Kabla ya Kuomba Nyingine

Katika ofisi nyingi za Dodoma bado zipo kompyuta za mezani zilizofanya kazi kwa zaidi ya miaka kumi, na baadhi yake zilifika hapa juu ya malori, shughuli za Serikali zilipokuwa zikihamia kutoka Dar es Salaam baada ya mwaka 2016. Mashine hizo zinaendelea kuchapa barua, kutoa stakabadhi na kutunza kumbukumbu za watu. Mara nyingi kinachoanza kuzisumbua ni kibodi, kifaa ambacho mtumishi hukigonga maelfu ya mara kwa siku bila kukifikiria. Kibodi ikigoma, foleni inasimama, na mwananchi aliyepanda basi alfajiri kutoka Bahi au Mpwapwa hana namna ya kujua kwamba hati yake imekwama kwa sababu herufi moja haitoki. Mimi ni mmoja wa wanaoitwa hali hiyo inapotokea, na nimeona kibodi nyingi zikiandikiwa barua ya kuondolewa kazini ilhali hazikuwa na ubovu wowote.

Kosa la kibodi hukaa katika mojawapo ya sehemu nne: katika mpangilio wa kompyuta, katika plagi na tundu lake, ndani ya kibodi yenyewe, au ndani ya kasha la kompyuta, lile ambalo wengi ofisini huliita sipiyu. Mtu asiyejua kosa limekaa wapi hubahatisha, na kubahatisha katika ofisi ya umma ni gharama, kwa sababu kifaa kipya huhitaji dokezo, idhini na mchakato wa ununuzi ambao hauishi kwa siku moja. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuanzia zile zisizogharimu chochote hadi zile zinazohitaji bisibisi. Tafadhali usiruke hatua, hata kama unaamini kwamba umeshalijua tatizo.

Kabla ya kuanza

Ikiwa kipanya bado kinafanya kazi, kitumie kuhifadhi faili lililo wazi. Kisha chukua kalamu na karatasi uandike dalili kama unavyoiona. Maneno “kibodi haifanyi kazi” hayamsaidii mtu yeyote, lakini maneno “herufi A haitoki, ila Z na S zinatoka”, au “vitufe vyote vimekufa tangu umeme uliporudi saa nne”, yanaweza kupunguza nusu ya kazi. Andika pia kama tatizo lilianza ghafla au lilikuja taratibu, kwa kuwa ubovu wa ghafla mara nyingi hutokana na plagi, umeme au mpangilio, na ule wa taratibu hutokana na vumbi na uchakavu.

Hatua ya kwanza: zitazame taa

Kibodi nyingi za zamani zina taa tatu ndogo upande wa juu kulia, yaani taa ya namba, taa ya herufi kubwa na taa ya kusogeza ukurasa. Wengi hawazitazami kabisa, nazo ndizo shahidi wa kwanza.

Zima kompyuta, kisha iwashe huku macho yako yakiwa kwenye taa hizo. Katika sekunde za mwanzo zinapaswa kumweka kwa pamoja mara moja kisha kuzimika. Zikimweka, umeme unafika kwenye kibodi. Zisipomweka, elekea moja kwa moja kwenye plagi na tundu, yaani hatua ya tatu.

Kompyuta ikishawaka kikamilifu, bonyeza kitufe cha NumLock mara kadhaa. Taa yake haiwashwi na kitufe chenyewe: kitufe hupeleka taarifa kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayorudisha amri ya kuwasha au kuzima taa. Hivyo, taa ikiitikia kila unapobonyeza, basi waya, tundu na mawasiliano yote ni mazima, na tatizo lako limo katika mpangilio au katika vitufe vichache. Taa isipoitikia na kipanya nacho kikiwa kimeganda kwenye skrini, usiilaumu kibodi, kwani ni kompyuta nzima iliyoganda. Taa ikikataa kuitikia huku kipanya kikitembea vizuri, lawama inabaki kati ya kibodi, tundu na draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa.

Hatua ya pili: ondoa mashaka ya mpangilio

Asubuhi moja niliitwa kwenye masjala ya ofisi moja ya mjini. Mama mmoja, mwenye miaka mingi kazini, alikuwa ameshindwa kuingia kwenye kompyuta yake mpakato.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hii mashine imenikataa tangu saa mbili, na neno langu la siri nalijua kama ninavyolijua jina la mwanangu wa kwanza.”

Nilimwomba asiandike tena neno la siri, kwa sababu mahali pake huonekana vitone tu, na mifumo mingi humfungia mtumiaji anayekosea mara nyingi. Badala yake nilimwomba aandike neno lolote katika nafasi ya jina la mtumiaji, ambako herufi huonekana wazi. Aliandika Dodoma. Kwenye skrini likatokea D6d60a.

Hapo jibu lilikuwa limeshapatikana. Kompyuta mpakato ndogo, hasa za miaka ya nyuma, hazina nafasi ya safu ya namba upande wa kulia, kwa hiyo namba hizo hufichwa ndani ya herufi. NumLock ikiwashwa, M huwa 0, J huwa 1, K huwa 2, L huwa 3, U huwa 4, I huwa 5 na O huwa 6. Anayeandika “barua” hupata “bar4a”, na anayeandika “mji” hupata “015”. Dawa yake ni kushikilia kitufe cha Fn na kubonyeza NumLock, au kubonyeza NumLock peke yake ikiwa maandishi ya kitufe hicho hayana rangi ya Fn. Mama aliingia kwenye mfumo palepale, nami nikamwandikia vitufe hivyo viwili kwenye kipande cha karatasi akakibandika pembeni ya skrini.

Kwenye kompyuta ya mezani kosa hilo hujitokeza kinyume. NumLock ikiwa imezimwa, zile namba za kulia hugeuka kuwa mishale ya kusogeza kishale, na mhasibu anayezitegemea hudhani kwamba upande wote ule umekufa.

Yapo mengine ya aina hii ambayo hayana budi kuchunguzwa. Kitufe cha Shift cha kulia kikishikiliwa kwa sekunde 8, Windows huwasha utaratibu wa kuchuja mibonyezo ya vitufe, ambao uliwekwa kwa ajili ya watu wenye mikono inayotetemeka. Utaratibu huo ukiwaka, kitufe kikiguswa haraka hakiandiki chochote, na hulazimu kukishikilia kwa muda ndipo herufi itoke. Mtu aliyeegemeza kiwiko au faili juu ya kibodi wakati akizungumza na mteja anaweza kuuwasha bila kujua. Shikilia tena Shift ya kulia kwa sekunde 8, nao utazimika. Shift ikibonyezwa mara tano mfululizo huleta utaratibu mwingine, ambao hufanya Shift, Ctrl na Alt zihesabiwe kuwa zimeshikiliwa hata baada ya kuachiwa. Ukibonyeza Shift pamoja na kitufe kingine chochote kwa wakati mmoja, kwa kawaida huzimika. Ikiwa huna hakika, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na U, na ukurasa wa mipangilio hiyo yote utafunguka.

Kisha ipo shida ya alama kubadilishana mahali. Ukitaka kuandika anwani ya barua pepe na badala ya alama ya @ ukapata alama ya kufungulia usemi, kibodi yako ni nzima kabisa. Mpangilio wa Marekani huiweka @ juu ya namba 2, na ule wa Uingereza huweka hapo alama ya kufungulia usemi, ukaipeleka @ karibu na kitufe cha Enter. Ofisi zetu zina kibodi za aina zote mbili zilizochanganyika. Shikilia Alt ya kushoto na ubonyeze Shift mara moja, kwani hiyo ndiyo njia ya kubadili mpangilio hata kwenye Windows XP, ikiwa kompyuta imewekewa zaidi ya mmoja. Kwenye Windows 8 na za baadaye unaweza pia kutumia kitufe cha Windows pamoja na kile cha nafasi.

Mwisho katika hatua hii, herufi unazoandika zikiwa zinameza zile zilizo mbele yake, bonyeza Insert mara moja na uendelee na kazi.

Hatua ya tatu: plagi na tundu

Kompyuta za zamani zina plagi za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya duara iitwayo PS/2, ambayo IBM iliitoa mwaka 1987 na ikadumu kwa miongo kadhaa. Tundu lake la rangi ya zambarau ni la kibodi, na la kijani ni la kipanya. Plagi hizo zinafanana kwa umbo, hivyo aliyefagia chini ya meza na kuzichomoa anaweza kuzirudisha zikiwa zimebadilishana, na hapo vyote viwili hugoma. Aina ya pili ni USB, bapa na inayojulikana na wengi.

Tofauti kubwa kati ya hizo ni kwamba USB unaweza kuichomoa na kuichomeka kompyuta ikiwa inawaka, lakini PS/2 haikutengenezwa kwa matumizi hayo. Ukiichomeka kompyuta ikiwa inawaka, mara nyingi haitatambulika mpaka uzime na kuwasha upya, na katika mashine kuukuu unaweza kuunguza fyuzi ndogo iliyo kwenye bodi kuu, ukalifanya tundu life moja kwa moja. Zima kwanza, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 hivi ili umeme uliobaki ndani uishe. Wakati wa kiangazi, hewa ya Dodoma ikiwa kavu, mwili wa mtu hubeba umeme tuli kwa urahisi. Kwa hiyo gusa kwanza chuma kisichopakwa rangi cha kasha kabla ya kushika plagi au kitu chochote cha ndani.

Itoe plagi ya PS/2 uitazame kwa mwanga wa simu. Utaona pini nyembamba, na mara nyingi moja huwa imelala kwa sababu mtu alilazimisha plagi kuingia ikiwa imepinda. Inyooshe taratibu kwa kalamu ya risasi ya kubonyeza ambayo umetoa risasi yake, kwa kuiingiza pini ndani ya ncha tupu na kuisogeza kidogo kidogo. Usishtuke ukikuta nafasi ya pini moja au mbili ikiwa tupu, kwa kuwa PS/2 hutumia njia nne tu za umeme na baadhi ya viwanda huziacha zile zisizotumika. Ukiona ukungu wa kijani kwenye pini, jambo nililolikuta zaidi kwenye mashine zilizoishi pwani miaka mingi, zipanguse kwa pamba iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti na uziache zikauke.

Kwa USB, usijaribu tundu moja tu. Yale ya mbele ya kasha yameunganishwa na bodi kuu kwa waya wa ndani ambao hulegea, kwa hiyo tumia ya nyuma. Ikiwa kibodi inapitia kwenye kigawanyio cha matundu, iondoe huko na uichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Na kama mashine ina Windows 7, epuka tundu la rangi ya buluu, kwa sababu toleo hilo lilikuja bila draiva za USB ya tatu, na kibodi inaweza kufanya kazi wakati wa kuwaka kisha ikanyamaza Windows inapoingia.

Hatua ya nne: badilishaneni

Hii ndiyo hatua yenye ushahidi usiopingika, na inashangaza jinsi inavyosahauliwa. Azima kibodi nzima kutoka meza ya jirani uichomeke kwenye kompyuta yenye tatizo, na ile inayolalamikiwa uipeleke kwenye kompyuta ya jirani. Fanya pande zote mbili. Kibodi ngeni ikifanya kazi kwako na yako ikigoma kwa jirani, ubovu uko kwenye kibodi. Kibodi ngeni ikigoma kwako na yako ikiandika vizuri kwa jirani, kasha au mfumo wa kompyuta yako ndio wenye kasoro. Nimewahi kukuta kibodi tatu zikiwa zimerundikwa kabatini kwa kudaiwa kuwa ni mbovu, zote zimetoka kwenye meza moja. Kilichokuwa kimekufa ni tundu la kompyuta ile.

Ikiwa kuna kazi isiyoweza kusubiri

Windows ina kibodi inayochorwa kwenye skrini na kubonyezwa kwa kipanya. Kwenye ukurasa wa kuingilia, bofya ile alama ndogo ya huduma kwa watu wenye ulemavu, ambayo kwenye Windows 7 iko chini kushoto na kwenye Windows 10 iko chini kulia, kisha uchague kibodi ya skrini. Utaandika neno la siri kwa kubofya herufi moja moja, uingie, na ufungue kazi yako. Ukiwa tayari ndani, tafuta programu iitwayo osk. Kibodi hiyo ni ya polepole, lakini inatosha kutuma barua pepe moja ya dharura au kuchapisha hati ya mwananchi anayesubiri. Ina faida nyingine pia: ukibonyeza kitufe cha kibodi halisi, kitufe kinachofanana nacho hubadilika rangi kwenye skrini, kwa hiyo unaweza kupita kitufe kwa kitufe na kuorodhesha vilivyokufa bila kuharibu faili lolote.

Hatua ya tano: kompyuta yenyewe

Ikiwa hatua ya nne imeonyesha kwamba kompyuta ndiyo yenye kasoro, anza kwa kuuliza swali moja: je, kibodi inafanya kazi kabla Windows haijaingia? Washa mashine na ubonyeze kitufe cha kuingia kwenye mipangilio ya awali, ambacho kwa mashine nyingi ni F2, F10 au Delete. Ukifanikiwa kuingia na mishale ikatembea, tundu na bodi kuu ni vizima, na lawama ni ya draiva. Ingia kwenye Windows kwa msaada wa kibodi ya skrini, andika devmgmt.msc mahali pa kutafutia programu, tafuta kibodi katika orodha ya vifaa, iondoe, kisha uiwashe kompyuta upya kwa kipanya. Windows itaitambua na kuiwekea draiva yake yenyewe.

Hapa ninaomba kwa dhati kitu kimoja. Draiva ya kibodi ya kawaida imo tayari ndani ya Windows, kwa hiyo usipakue kutoka mtandaoni programu zinazojitangaza kuwa zinarekebisha draiva. Windows XP iliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, hivyo mashine yenye mifumo hiyo haina ngao dhidi ya programu hasidi, nayo imebeba taarifa za wananchi.

Ikiwa kibodi haifanyi kazi hata kabla ya Windows, tazama saa ya kompyuta. Je, kila asubuhi tarehe inarudi nyuma miaka mingi? Hiyo ni dalili kwamba betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi kuu imekwisha. Ni betri ya CR2032 yenye volti 3, na kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya awali wakati mashine imekatwa umeme. Ofisi inayozima swichi ya ukutani kila jioni huimaliza mapema zaidi, kwa sababu usiku kucha betri hubaki peke yake. Ikiisha, mipangilio hurudi ya kiwandani, na katika baadhi ya mashine kibodi ya USB huachwa bila kusomwa mpaka Windows iingie. Ndipo hutokea ile hali ya kuudhi ambapo skrini inakutaka ubonyeze F1 ili kuendelea, na F1 haisikiki. Azima kibodi ya PS/2 ili uvuke hapo, weka betri mpya, rekebisha tarehe, na uiwashe mipangilio inayoruhusu kibodi ya USB. Ikiwa hujawahi kufungua kasha, mwite afisa TEHAMA afanye hivyo nawe ukiona.

Hatua ya sita: fungua na usafishe

Dodoma hupata mvua katika msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni ya ukavu na upepo. Vumbi huingia hata dirisha likiwa limefungwa, na hutua mahali palipo na nafasi wazi zaidi ya mia moja kati ya vitufe.

Chomoa kibodi uipeleke nje ya chumba, ili usihamishe vumbi kutoka kwenye kibodi kwenda kwenye feni ya kompyuta. Igeuze kifudifudi na uipigepige mgongoni kwa kiganja. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo juu ya gazeti kwa kibodi ya katibu muhtasi mmoja, zilidondoka pini mbili za stepla, maganda ya karanga, nywele, na mchanga mwembamba uliojikusanya kama ule unaokutwa kwenye kizingiti cha mlango baada ya upepo wa mwezi wa tisa. Kisha pitisha brashi mpya ya rangi, iliyo kavu, kati ya safu za vitufe. Fundi mwenye bloa akiwepo, apulize kutoka pembeni akiwa mbali kidogo, kibodi ikiwa imeinamishwa. Usipulize kwa mdomo, kwani mate huganda pamoja na vumbi na kuwa tope.

Kitufe kikiendelea kukwama, piga kwanza picha ya kibodi nzima kwa simu ili ujue kila kitufe kinarudi wapi. Ingiza bisibisi bapa nyembamba chini ya ukingo na uking’oe kwa kukiinua juu. Vitufe virefu kama cha nafasi, Enter na Shift vina kiwaya cha chuma kinachovisawazisha, na ni vigumu kuvirudisha, hivyo viache kama hakuna ulazima. Vitufe vilivyotolewa vioshwe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni na kuanikwa kivulini mpaka vikauke kabisa. Sehemu ya ndani ipanguswe kwa pamba yenye spiriti kidogo. Usitumie thina wala petroli, kwa kuwa huyeyusha plastiki na kufuta maandishi.

Ikiwa usafi wa juu haukusaidia na kibodi ni ya mezani, ifungue kwa skrubu za nyuma. Umeme wake ni wa volti 5 tu na umeshachomoa waya, kwa hiyo hakuna hatari kwako. Ndani utakuta vikombe vya mpira, kimoja chini ya kila kitufe, na chini yake karatasi za plastiki angavu zenye mistari inayong’aa. Kitufe kikibonyezwa, kikombe hugandamiza karatasi, mistari ya juu na ya chini inagusana, na herufi inatoka. Mistari hiyo imepangwa kama gridi, mstari mmoja ukihudumia vitufe kadhaa. Ndiyo maana vitufe visivyopakana vinaweza kufa pamoja siku moja: mstari wao mmoja umekatika, au umeacha kugusa ile bodi ndogo ya umeme ambako mistari yote huishia. Tazama hapo kwanza. Mara nyingi skrubu zinazobana karatasi kwenye bodi zimelegea, na kuzipangusa sehemu hizo kwa spiriti na kuzikaza huzirudisha herufi zote kazini. Mstari ukiwa umekatika katikati ya karatasi, kibodi hiyo imefika mwisho.

Kinachochakaa zaidi katika ofisi inayoandika Kiswahili ni A. Lugha yetu huitumia kuliko herufi nyingine yoyote, na katika “Halmashauri” pekee imo mara tatu, kwa hiyo kitufe chake hufutika maandishi kwanza na kikombe chake cha mpira hupasuka kabla ya vingine. Ikiwa vikombe vya kibodi yako vimetengwa kimoja kimoja, badala ya kuwa mkeka mmoja, toa kile kilicho chini ya Scroll Lock au Pause, ambavyo hakuna mtu anayevitumia, ukiweke chini ya A. Nimefanya hivyo mara nyingi, na kibodi zikaendelea kwa miaka.

Chai ikimwagika

Chomoa waya papo hapo, bila kumalizia sentensi. Kama ni kompyuta mpakato, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, chomoa chaja, toa betri ikiwa inatoka, na uigeuze kifudifudi ikiwa wazi kama hema. Maji matupu yana nafuu, lakini chai yetu ya ofisini huja na sukari, na sukari ikikauka hunata na kupitisha umeme pasipotakiwa. Kibodi ya mezani ifunguliwe, karatasi zake zipanguswe kwa kitambaa chenye maji kidogo na kisha spiriti, halafu ikae siku mbili au tatu kivulini. Kuifukia ndani ya mchele hakusaidii, kwani huongeza vumbi la wanga. Kompyuta mpakato ipelekwe kwa fundi siku hiyohiyo bila kujaribu kuiwasha, kwa sababu chini ya vitufe vyake ndipo ilipo bodi kuu.

Tahadhari moja zaidi kuhusu mpakato: ukiona vitufe vya katikati vimeinuka, au kifuniko kimeacha kufunga vizuri, huenda betri imevimba na inasukuma kibodi kutoka chini. Izime, usiichaji, usiibonyeze, na uikabidhi kwa afisa TEHAMA.

Ukilazimika kuomba mpya

Andika kwenye dokezo ulichokifanya katika kila hatua, hasa matokeo ya kubadilishana, ili anayeidhinisha aone kwamba ubovu umethibitishwa. Taja aina ya plagi kwa usahihi. Kama tundu zima lililobaki ni la PS/2 tu, usiandike kwamba kibodi ya USB na kigeuzi vitatosha, kwa kuwa vigeuzi vya kawaida hufanya kazi tu na kibodi iliyotengenezwa kuzungumza kwa njia zote mbili, na nyingi za sasa haziwezi. Taja pia mpangilio, wa Marekani au wa Uingereza, ulingane na uliomo kwenye kompyuta.

Kibodi iliyokufa ina namba ya mali ya ofisi, kwa hiyo irudi stoo na iandikwe kwenye leja kabla mtu hajaigusa. Ikishafutwa kwenye orodha kwa utaratibu, mwombe mtunza stoo vikombe vyake vya mpira, vitufe na skrubu, uvitie kwenye bahasha, na juu ya bahasha uandike aina ya kibodi vilikotoka.